Kichwa cha Idrisa

Hawa mwanangu,

Za kuagana tutaagana kesho stesheni mbele za watu, na najua nitakavyokuwa: nitalia, nitakusukumia vifurushi dirishani, nitakwambia mambo ya kijinga kama vile usikae upande wa jua. Haya ninayotaka kukwambia hayasemeki pale. Hayasemeki hata hapa nyumbani, kwa sababu kila nikifungua mdomo Idrisa yupo, na habari yenyewe ni ya kichwa chake. Ndiyo maana nimekutuma Buguruni kwa shangazi yako ukaage tangu asubuhi. Mumeo amekwenda kukata tikiti. Mimi nimeswali adhuhuri, nimefunga mlango wa mbele, nimekaa ukumbini na kalamu. Naandika kwa herufi za Kiarabu, za chuoni, maana hizo zenu za skuli mkono wangu bado haujazizoea, na leo sitaki kuhangaika na herufi.

Nakusudia kuitia barua hii ndani ya kapu la maandazi. Uisome gari la moshi likishapita Pugu.

Usitegemee humu mafunzo ya jiko na ya kutandika kitanda. Kupika unajua. Chumvi bado unazidisha, lakini mwenye kukuoa amekuoa na chumvi yako, na asubiri. Wala sina wasia wa jinsi ya kuishi na watu wa bara. Watu ni watu, wasalimie wakubwa, usiingie nyumba ya mtu kabla hujaitikiwa hodi. Hayo yametosha.

Nakwenda kwenye jambo lenyewe nisije nikazunguka mpaka wino ukakauka. Mumeo anaumwa, Hawa. Kile si kichwa cha jua, si cha kukosa usingizi, na kipandauso nakijua kinavyokuja na kinavyoondoka. Nadhani ni ugonjwa uleule uliomchukua baba yako. Nanyi mnakwenda kukaa stesheni ndogo huko mbele ya Manyoni, yeye karani, wewe mke wa karani, mahali ambapo Idrisa mwenyewe amesema hakuna hata zahanati. Hilo linanitia hofu. Lakini kinachonitia hofu zaidi ni mikono yako, na hapo nakuomba usikasirike, usome mpaka mwisho.

Mikono hiyo nimekupa mimi, na mimi nilipewa na bibi yako kule Chanika. Wewe ulimkuta ameshazeeka, anatafuna tambuu yake na kuuliza nani kaja. Hukumwona kazini. Wanawake walikuwa wakirudi shamba na mizigo ya muhogo kichwani, wanapita kwake kwanza, hata kwao hawajafika. Anawaketisha kwenye kigoda, anapasha mafuta ya nazi ndani ya kifuu, kisha ananiambia mimi, kigori wa watu, nitie mkono shingoni. "Wapi?" ananiuliza. Ananiuliza mimi, mgonjwa haruhusiwi kusema. Nilitakiwa nitafute mwenyewe, nitoke begani, nipande ukosini, nizunguke nyuma ya sikio, mpaka nifike penye fundo. Nikilibonyeza mama wa watu anaruka: "Papo hapo! Ndipo panaponipandisha mpaka jichoni!"

Unajua mwenyewe, nimekufundisha. Kichwa kinauma juu ya jicho, kumbe fundo liko kule begani kwenye mzigo. Likilainika, na jicho linatulia. Wengine wana ubani na maneno ya kusoma, sisi hatuna. Tuna vidole na mafuta basi. Kichwa cha kukandwa kina fundo lake mahali, na fundo hilo ukiligusa linaamsha maumivu yaleyale ambayo mtu ameyaleta.

Siku moja alikuja mwanamume kutoka upande wa Segerea, ameongozana na nduguye. Kila alfajiri anaamshwa na kichwa, anatapika na tumboni hamna kitu. Bibi yako alimpapasa shingo yote, mabega yote, mapanja yote mawili, akajifuta mikono. "Hiki si cha mikono," akasema. "Mpelekeni hospitali ya Serikali." Nduguye akamsihi, akasema walao amkande kidogo apate usingizi. Bibi yako akamjibu, "Nikimkanda atapata usingizi. Ndiyo maana simkandi." Akawapa uji, wakanywa, wakaenda zao.

Mimi niliona ile ni roho mbaya. Nilidhani ameogopa majini. Sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kueleza kitu mara mbili. Kwake alikuwa ameshasema. Basi nikaondoka Chanika na ujuzi nusu, nikidhani ninao wote.

Baba yako nilimpata kwa shingo. Usicheke. Alikuwa hamali bandarini, anabeba magunia, na shangazi yako huyohuyo wa Buguruni ndiye aliyemleta kwa bibi, kichwa kimemkaa upande, hawezi kugeuka. Shingo ilikuwa ngumu kama mbao. Bibi alikuwa na wageni, akaniachia mimi, yeye akikaa pembeni kulinda heshima. Wiki ya kwanza alikuja akiwa mgonjwa kweli. Baadaye alikuja tu. Bibi yako akaniambia, "Huyo shingo yake imepona zamani, anachotafuta ni kingine." Tukaoana, tukajenga hapa Temeke vyumba viwili vya udongo, na hicho cha tatu ulipozaliwa wewe.

Miaka ile ilikuwa mizuri, nami nataka ujue ilikuwa mizuri, usije ukadhani mama yako alianza na majonzi. Baba yako alirudi jioni na mabega yamevimba, namkanda kibarazani, anasimulia ya meli na ya Wagiriki, wewe umelala mgongoni kwangu. Jina langu likatoka. Walikuja wake wa makarani, wake wa walimu waliotoka bara, mpaka mama mmoja wa Kihindi mwenye duka alikuwa akija na mto wake mwenyewe wa kukalia. Watu walisema, "Kwa Zuhura kichwa kinaachwa mlangoni." Nami, Hawa, nilipenda kusikia hivyo. Nilipenda mno.

Kichwa cha baba yako kilibadilika na mimi sikukubali kwamba kimebadilika. Zamani kilimuuma jioni baada ya mzigo. Sasa kilimwamsha alfajiri, mtu ametoka kupumzika. Zamani shingo ilikuwa mbao. Sasa ilikuwa laini kama ya mtoto, na kichwa kinapasuka. Vidole vyangu vilitembea kutoka begani mpaka utosini, visipate pa kushika. Mkono ulijua. Mimi ndiye niliyeukatalia. Nilijiambia fundo limeingia ndani zaidi, nikazidisha mafuta, nikazidisha nguvu, nikaanza kumkanda alfajiri na jioni. Na alitulia! Hapo ndipo penye mtego. Joto la mafuta, mkono wa mkewe, sauti yangu ikimsemesha, vyote hivyo vilimpa nafuu ya kutosha kusimama, kunywa chai na kwenda bandarini. Angeumwa bila nafuu angekwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa mtu wa akili.

Akaanza kukosa ngazi ya mlango. Akaanza kuacha nusu ya wali kwenye sahani, upande mmoja, kana kwamba haupo. Majirani wakasema ametazamwa na mtu mwenye jicho baya, nami nikawaacha waseme, maana maneno yao yalinipumzisha. Tulipokwenda zahanati kuchukua dawa ya kikohozi chako, dresa, yule mfunga vidonda wa pale, alimwangalia baba yako anavyotembea, akaja kwangu kwa adabu kabisa: "Mama, huyu bwana mpelekeni hospitali kubwa wamtazame macho." Unajua nilimjibu nini? "We kijana, kichwa cha mume wangu nimekishika tangu wewe hujajua kufunga bendeji." Watu pale kwenye benchi wakacheka. Nikafurahi walivyocheka. Baba yako naye akaniunga mkono, akamwambia yule dresa, "Mikono ya mke wangu inanitosha." Alilisema kwa kunipenda, nami nikalipokea kama sifa.

Asubuhi ya mwisho ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia. Alikuita kwa jina la dada yake, akainama kuchukua kata ya maji, hakuinuka. Tulimpeleka kwa mkokoteni wa kuazima. Daktari alikuwa mzee wa Kizungu, mpole, na mkalimani pembeni yake. Akasema ugonjwa ulikuwa ndani ya fuvu na ulikaa muda mrefu. Nikauliza, je, ningemleta mapema? Akafikiri kweli, hakunijibu haraka. Akasema hajui, huenda wangeweza kitu, huenda wasingeweza. Kisha akauliza mgonjwa alikuwa akipewa dawa gani ya maumivu muda wote huo, hata akaweza kuvumilia. Nikamwonyesha mikono yangu. Mkalimani akaitazama, akamtazama daktari, hakuwa na la kutafsiri. Wala daktari hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, ningekuwa na mtu wa kubishana naye.

Hayo unayajua nusunusu, kwa watu na kwa vile nilivyokuwa nikinyamaza ukinitajia baba yako. Sikuandikii ili nitubu mbele yako. Kutubu nimetubu kwa anayestahili kutubiwa. Nakuandikia kwa sababu tangu muoane, mkakaa nami hapa kungoja uhamisho wa Idrisa, nasikia kupitia ukutani jinsi anavyougulia alfajiri, kisha nasikia wewe unaamka, unatia mafuta kwenye kifuu, na baada ya muda nyumba inanyamaza. Asubuhi unakuja jikoni umejaa furaha: "Mama, mikono imenikubali. Nikimshika tu, analala." Nami nageukia mwiko nisikuoneshe uso.

Nimemtazama siku zote hizi kwa jicho la wizi, maana mkwe hatazamwi sana. Wiki iliyopita alimimina chai kando ya kikombe, upande wa kushoto, ikafika ukingoni mwa meza ndipo akashtuka. Akacheka, akasema meza zetu za pwani zinakimbia. Wewe ukacheka naye. Bega lake la kushoto lina alama za fremu ya mlango. Muulize amezipata wapi, atakwambia milango yetu ni myembamba. Na sahani yake, Hawa. Itazame sahani yake anapomaliza kula.

Siku uliyochelewa kisimani nilimkuta nyuma ya nyumba kwenye migomba, ameinama, anatapika maji matupu. Unajua mila zetu: mama mkwe hamshiki mkwewe kichwa, hata shikamoo anaipokea kwa mbali. Nikaisahau mila. Nikamtupia kanga kichwani ili ngozi isikutane na ngozi, nikatia vidole juu ya kanga. Begani hamna kitu. Ukosini hamna kitu. Laini tupu. Nilikuwa nimeshika shingo ya baba yako, na huku macho yangu yanamwona Idrisa, kijana wa Tabora. Akaniuliza, "Mama, umepata?" Nikamwambia nimepata, ni uchovu. Uongo huo ulinitoka wenyewe, na sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kwanza moyo wangu utulie.

Kesho yake nilimwambia ukweli, wewe ukiwa sokoni. Nilimwambia aende hospitali kubwa kabla ya safari. Akanisikiliza kwa heshima zote, mtoto yule ana adabu, hilo sitakataa. Akasema, "Mama, kazi hii nimeingoja. Nikionekana mgonjwa, nafasi anapewa mwingine. Nikifika huko nitapumzika." Kisha akamalizia, "Na Hawa ananitosha." Ni neno la baba yako kwa yule dresa. Hakuna aliyempa neno lile, Hawa. Hakumjua aliyelisema kabla yake.

Na wewe nilikugusia, unakumbuka, tukichambua mchele. Ulinijibu, "Mama, wewe siku hizi kila kichwa unakiona cha baba." Uliniumiza kidogo, lakini nimelifikiri sana neno lako, na huenda ni kweli. Mtu aliyeumwa na nyoka, ung'ongo humshtua. Naomba Mungu iwe hivyo, niwe mama mkwe mwenye kiherehere, mcheke mimi na ujinga wangu mpaka mzeeke. Lakini kama sivyo?

Sasa sikiliza ninachokutaka. Mkifika huko usimkande.

Najua ninavyokuomba. Nimekulea kwa mafuta na shingo za watu, na sasa nakwambia uzuie mkono wako kwa mtu unayempenda kuliko wote, tena akiwa anauma meno kwa maumivu mbele yako. Mpe maji. Mfunge kanga ya baridi kwenye paji la uso. Mshike mkono, msemeshe, lia naye ukitaka. Shingo usiiguse. Akikusihi, mwambie nimekukataza mimi, nilaumiwe mimi, mimi nimeshazoea. Akikasirika, akisema mke gani huyu, vumilia. Siku ya kwanza atakununia, siku ya pili pia, lakini kitafika kipindi hataweza kujidanganya, na atapanda gari la kurudi mwenyewe. Maumivu yake ndiyo yanayomwambia kweli. Wewe kila ukimkanda unayafunga mdomo, kama nilivyoyafunga mimi.

Vichwa vya wengine huko vikande bila hofu. Wake za wenzake watakujia, wachota maji watakujia. Tafuta fundo kwanza. Ukilipata, ukibonyeza wakaruka, hao ni wako, wakande mpaka watoe shukurani. Usiache kazi hii kwa sababu yangu. Ni kazi nzuri, imewapa usingizi watu wengi ambao hawakuwa na njia nyingine ya kuupata. Ila inataka mtu awe tayari kusema hiki sicho, na kusema hivyo ni vigumu zaidi mbele ya mtu wa nyumbani kuliko mbele ya mgeni. Bibi yako aliweza kwa yule wa Segerea kwa kuwa hakumpenda. Sijui kama angeweza kwa babu yako.

*

Nilikuwa nimeishia hapo, nikaweka kalamu ili nikaange maandazi. Sasa ni alasiri na mambo yamegeuka. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Idrisa amerudi na tikiti. Amepiga hodi kwa sauti ndogo hata nikadhani ni mtoto wa jirani. Nimefungua, nimemkuta amesimama ameegemea fremu, jasho linamtoka, jicho moja kalifumba. Akanipa tikiti mkononi, akasema, "Shikamoo, mama. Hawa hajarudi?"

"Marahaba, baba. Bado. Kaa."

Amekaa kwenye kigoda changu cha kazi, hakutazama hata ni kigoda gani. Akashika kichwa. Kisha akasema jambo ambalo sijapata kulisikia kwa mkwe yeyote hapa Temeke: "Mama, nisamehe, najua si adabu. Nishike kichwa kidogo tu. Mpaka Hawa arudi."

Hawa, mikono yangu iliinuka yenyewe. Wallahi iliinuka. Mafuta ya kukaangia yalikuwa yamebaki vuguvugu pale, kanga iko begani, ningeweza. Nikaikunja, nikaitia kwapani. "Idrisa, mie mkweo," nikamwambia.

"Najua, mama."

"Basi haiwezekani."

Nimekaa mbele yake nikamtazama anaumwa. Nisikufiche, nimefanya mengi magumu, nimemwosha baba yako kwa mikono hii, lakini kukaa pale bila kumgusa kulikaribia kunishinda. Aliugulia kwa muda, akainuka, akasema afanye kazi apate kusahau. Akaenda kufunga lile sanduku la bati kwa kamba ya katani. Mkono wa kulia ukavuta kamba. Wa kushoto ukaishika, ukaiachia. Akaurudisha, ukaiachia tena. Akabaki ameutazama ule mkono kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa mahali pake.

"Umeanza lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwezi wa mfungo." Akalifumbua lile jicho. "Na macho, mama. Nakuona wawili."

"Hawa anajua?"

"Hajui. Nataka kumwambia kila alfajiri. Akinikanda nalala, nikiamka naona afadhali, nasema nitamwambia kesho." Ndipo alipolia, Hawa, mwanamume mzima, amekaa chini kando ya sanduku lenu. "Mie naogopa, mama. Nilidhani nikifika huko mbali itaisha."

Sikumwambia uongo safari hii. Nilimwambia na mimi naogopa. Nikamwambia yaliyompata baba yako, yote, hata ya dresa. Alipomaliza kusikiliza akajifuta uso kwa mkono wa kulia, akasema, "Basi nipeleke, mama. Leo. Kesho nitabadili mawazo, najijua."

Kwa hiyo barua haingoji tena Pugu wala kapu la maandazi. Nampa jirani yetu Mama Chausiku, anayekuja huko Buguruni kumwona dadake, akukabidhi mkononi. Mimi na Idrisa tumepata nafasi kwenye lori la nazi linalokwenda mjini. Dereva anapiga honi hapo nje na mimi bado naandika, atanitukana. Simwachi Idrisa peke yake hata chooni.

Uje moja kwa moja hospitali kubwa, usipite nyumbani. Muombe shangazi yako shuka na kikombe. Nisomee hapa vizuri: daktari akiuliza ameumwa muda gani, usipunguze hata kidogo kwa kumsitiri mumeo wala kwa kujisitiri mwenyewe. Sema kila alfajiri. Sema ulikuwa ukimkanda. Mimi nitakuwa nimesimama karibu yako, hakuna atakayekucheka.

Sijui watasema nini. Huenda tumewahi, huenda yamekuwa yaleyale. Gari la kesho liacheni liende.

Ukifika utamkuta anaumwa, na akikuona tu atakuinamishia shingo, maana amezoea. Usimguse, mwanangu. Mwache daktari amkute anaumwa.

Nakungoja huko, kando yake.

Mama yako,
Zuhura